Tamthilia ikiimbwa, kazi inaanzia kwenye maneno

Mhariri,

Wasanii wa Bagamoyo wenye hamu ya kugeuza tamthilia ya Kiswahili iimbwe mwanzo hadi mwisho, kisha irekodiwe, wasikilize kwanza opera (tamthilia ya kuimbwa) ya mtunzi Mwingereza Thomas Adès, The Tempest, iliyotokana na tamthilia ya Shakespeare. Ilionyeshwa mara ya kwanza London mwaka 2004, na rekodi yake ya CD mbili ikatoka 2009. Tamthilia yenyewe ya Shakespeare tunayo tangu 1969: Tufani, tafsiri ya S. S. Mushi.

Meredith Oakes, mwandishi wa maneno ya opera hiyo, hakuzimega beti za Shakespeare. Aliandika upya, mistari mifupi yenye vina. Neno likiimbwa hula muda mara mbili au tatu kuliko likisemwa, na kwetu mzigo ni mzito zaidi: "hatutawasahau" peke yake ni silabi saba. Tamthilia ya saa mbili isibaki na zaidi ya theluthi moja ya maneno yake kabla mtunzi hajagusa noti. Waandishi watanuna, wacha wanune.

Halafu mkazo. Pigo zito likiangukia silabi isiyo yake, barabara ya magari inageuka barabara ya "sawasawa", na msikilizaji wa rekodi haoni uso wa mwigizaji umsaidie. Sauti ya juu sana nayo humeza irabu. I na u zote huelekea a. Ariel, mhusika katika opera ya Adès, huimba huko huko juu, na kwa kuwa ni pepo, inamfaa. Mhusika anayebeba habari ya kisa apewe sauti ya kati.

Kwenye kurekodi, chukueni maonyesho mawili au matatu, kisha kikao cha viraka, yaani vipande vifupi vinavyorekodiwa upya ukumbi ukiwa mtupu, kufunika vikohozi. Maiki za ukingoni mwa jukwaa zilazwe juu ya sponji, la sivyo zitanasa vishindo vya miguu kuliko maneno.

Kinachoharibu zaidi ni ngoma. Ngozi ikiota moto sauti hupanda. Ikikaa kwenye unyevu wa upepo wa bahari hulegea. Kiraka kilichopigwa ngoma ikiwa moto hakishikani na onyesho la usiku, hata fundi mitambo awe nani. Usiku wa onyesho andikeni ngoma imesimama noti gani, na kabla ya kila kiraka ipimeni tena: imeshuka, ipasheni, imepanda, subirini ipoe.

Wadau wa sanaa za jukwaani,
Bagamoyo