Karafuu Haikujichuma Yenyewe

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu historia ya karafuu Zanzibar imenikera, mimi niliyelisoma gazeti hili miaka na miaka bila kuwaandikia hata mstari. Mmemtaja Sultani Seyyid Said, mmekitaja kimbunga cha 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja, mmeyataja Mapinduzi na eka tatu tatu walizogawiwa wakulima. Mchumaji hamkumtaja popote.

Mmeandika utumwa ulifutwa 1897, kisha mkaruka hadi 1964. Hapo katikati mashambani aliishi nani? Fidia alilipwa bwana. Aliyeachwa huru alibaki kwenye kibanda kile kile kwa sharti la kulitumikia shamba lile lile, na asiye na makazi wala kazi ya kujulikana alihesabiwa mzururaji. Masuria hata huo uhuru hawakuupata. Walingoja hadi 1909.

Mimi nimekulia dagoni, kwenye kambi za wachumaji karafuu. Marehemu mama alikuwa akichuma kwenye mashamba ya watu huku Mtambile, na sie watoto tukichambua usiku kwa kibatari, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, mpaka vidole vinakuwa vyeusi na sabuni haivitoi. Asubuhi mnyapara huja na pishi yake, chombo cha kupimia. Anamimina, anaitikisa karafuu zishuke, anamimina tena mpaka zichongoke kama kichuguu, na zote hizo anazihesabu pishi moja. Msimu mmoja mama alimwambia, kwa adabu kabisa, apime pishi ya mfuto, iliyosawazishwa mdomoni bila kichuguu, kama walivyopatana. Jioni ile ile tukaambiwa tufungashe vyetu. Malipo ya siku zilizobaki hatukuyaona, na usiku ule tulilala chini ya mwembe kwenye mvua ya vuli, mdogo wangu ana homa. Mama hakuwa na pa kwenda kushitaki, maana hakuna aliyejua bei ya pishi isipokuwa mwenye shamba.

Na mpaka leo ni hivyo hivyo. Kila msimu redio inatangaza bei ya kilo ya karafuu kavu, inaonya juu ya magendo, inakataza kuanika barabarani. Malipo ya pishi sijayasikia yakitangazwa. Tawi la mkarafuu linavunjika upesi, kila Mpemba analijua hilo, na anayeanguka nalo habari yake inaishia kijijini kwake.

Mtumeni mwandishi Pemba kabla msimu haujafunguliwa, na asianzie kwa maofisa. Aende Mgagadu, Kengeja, Ole, awatafute bibi zetu waliopiga dago, awaandike kwa majina yao wakiridhia, nanyi mwape ukurasa ule ule mliompa Seyyid Said. Na kila kituo cha kununulia karafuu, pembeni mwa ubao wa bei, yabandikwe malipo ya pishi ya msimu huo, na mezani iwekwe pishi ya mfuto iliyokaguliwa na watu wa mizani, ili mchumaji aende na yake akalinganishe.

Mtoto wa mchumaji,
Mtambile, Pemba