Programu ikikosa kuunganika, seva isizimwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili niseme neno juu ya ushauri uliotolewa hivi karibuni katika safu yenu ya teknolojia, kwamba fundi akiona programu ya kusimamia mashine pepe (yaani kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya kompyuta halisi) imeshindwa kuunganika na seva, aizime seva hiyo na kuiwasha upya. Mara nyingine tatizo huondoka kweli, lakini hasara inayoweza kuachwa nyuma ni kubwa kuliko hitilafu yenyewe.

Mimi ni fundi wa seva, na mazingira ninayoyajua zaidi ni ya mfumo endeshi wa Linux: KVM inayoziendesha mashine pepe, libvirt inayopokea maagizo, na virt-manager ambayo ndiyo dirisha tunalolitazama. Wengi huvichukulia vitu hivi vitatu kuwa kimoja, ndipo wanapopotea. Kila mashine pepe inayowashwa ni mchakato unaojitegemea ndani ya seva, kwa hiyo libvirt ikisimama, au dirisha likikosa njia ya kuifikia, mashine zenyewe huendelea na kazi zake. Unaweza kukuta programu inalalamika huku wahasibu wa ghorofa ya juu wakiingiza stakabadhi bila kujua kwamba kuna tatizo. Anayezima seva wakati huo ndiye anayewakatia huduma.

Nasema hivi kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Katika ofisi moja ujumbe wa hitilafu ulitokea saa nne asubuhi, mkuu wa idara akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, nami nikashikilia kitufe cha seva hadi ikazimika. Ndani yake mlikuwa na mashine pepe tano, mojawapo ikiwa na hifadhidata ya malipo iliyokuwa katikati ya kuandika. Hifadhidata hiyo haikufunguka hadi jioni. Baadaye niligundua kwamba akaunti niliyoitumia ilikuwa mpya na haikuwamo katika kundi la libvirt, yaani orodha ya watumiaji wanaoruhusiwa kuitumia. Basi, hakukuwa na kingine.

Na jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Kwa seva uliyoketi mbele yake, virt-manager hutanguliza sentensi inayokutaka uhakikishe kwamba huduma ya libvirt inafanya kazi, na sentensi hiyo hujitokeza hata pale huduma inapokuwa nzima kabisa. Sababu halisi imo ndani ya maelezo, chini ya mistari mingi ya Python, lugha iliyoandikiwa programu hiyo, inayomtisha asiyeizoea, na mstari wa mwisho ndio wa kusomwa kwanza. Ukisema kwamba faili la soketi, yaani mlango ambao programu hupitia kuifikia huduma, halipo, basi huduma haijawashwa au haijasakinishwa. Ukisema kwamba ruhusa imekataliwa, huduma i hai ila mtumiaji hana idhini, na tiba yake ni kumwingiza katika kundi la libvirt, kisha atoke kabisa katika akaunti na kuingia tena, kwa kuwa Linux haisomi uanachama mpya wa kundi kwa mtu ambaye tayari yumo ndani. Nimewaona vijana wakihangaika saa nzima baada ya kutoa amri iliyo sahihi, kwa vile tu hawakutoka.

Kwa seva ya mbali inayofikiwa kwa SSH, njia salama ya kuingia katika kompyuta nyingine kupitia mtandao, ujumbe wa kwamba muunganisho umekataliwa una maana tofauti na ule wa kwamba muda umekwisha. Wa kwanza kwa kawaida huonyesha kuwa seva imefikiwa lakini hakuna huduma inayosikiliza kwenye poti 22, mlango wa kawaida wa SSH. Wa pili huonyesha kuwa hakuna jibu lililorudi, hivyo kagua anwani, njia ya mtandao na faiawoli (kinga inayozuia mawasiliano yasiyoruhusiwa) kabla ya kuigusa libvirt.

Niongeze jambo moja ambalo maandishi mengi ya zamani hayalitaji. Katika Fedora, mojawapo ya mifumo ya Linux, tangu toleo la 35 la mwaka 2021, libvirt imegawanywa katika huduma ndogondogo, na inayoshughulikia mashine za KVM huitwa virtqemud. Anayehangaika kuiwasha libvirtd, ile huduma moja ya zamani, katika mfumo wa aina hiyo anaweza kuwa anabisha mlango usio wake.

Safu yenu inasomwa na mafundi chipukizi, wengi wao wakiwa peke yao ofisini na wakubwa wakiwasubiri nyuma ya kiti. Kuiwasha upya huduma ya libvirt hakuzimi mashine pepe zinazoendelea kufanya kazi. Kuiwasha upya seva huzisimamisha zote. Ikiwa ushauri ule utachapishwa tena, naomba neno «seva» liondolewe na mahali pake liwekwe neno «huduma».

Msomaji wenu,
Fundi wa seva, Morogoro