Dada, si soda iliyomuumiza mwanao

Shikamoo dada. Nakuandikia hapa wazi ili na wale ndugu waliokaa sebuleni kwako Mwanjelwa wakasema mtoto kapata sukari kwa sababu ya soda na biskuti nao wasome, maana lile neno lilikuliza na halina ukweli. Kisukari aina ya kwanza hakiletwi na soda, ni kinga yake mwenyewe imegeukia kongosho ikaua seli zinazotengeneza insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu.

Ukaniuliza, sasa kinga inampigaje mwenye mwili? Dada, hilo ni swali zito na jibu lilianzia kwa panya wachanga. Kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari, kuna tezi inaitwa thaimasi, ndo inayolea seli za kinga. Mwaka 1969 Wajapani wawili, Nishizuka na Sakakura, waliwatoa tezi hiyo panya wenye siku 3 tu tangu wazaliwe, na majike yakaharibika ovari. Ila ukiitoa siku ya 7 hamna kitu, mayai yako salama. Siku nne tu hizo! Ikaja kueleweka kwamba seli za kushambulia zinatangulia kutoka kwenye tezi na zile za kuzituliza zinafuata nyuma, sasa ukikata siku ya 3 umewaachia wapiganaji bila msimamizi. Panya hao hao ukiwachoma seli tulizi za panya mzima, hawaugui.

Mtafiti wa Japani, Shimon Sakaguchi, akazitambulisha seli hizo tulizi 1995, halafu 2001 watafiti wa Marekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakapata jeni (kile kipande cha urithi) inayohusika nazo, Foxp3, kwa panya wa ngozi ya magamba ambao madume yao yanakufa wakiwa na wiki chache tu. 2025 wote watatu wakapewa Nobel, na kwa kweli walistahili.

Kwahiyo dada, ulinzi huu unajengwa ndani kwa ndani na hata ukiwepo kuna wakati unazidiwa, hakuna mama anayeuona wala kuuharibu kwa biskuti.

Wa mitishamba waambie hapana, tena bila kuwaonea aibu, insulini mtoto asiikose hata siku moja. Mwalimu wake wa darasa naye ajue dalili za sukari kushuka, yaani jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, ampe mtoto glukosi hapo hapo asisubiri. Jumapili napanda basi la asubuhi kutoka Iringa, ukiniruhusu Jumatatu nitaenda shuleni kuongea naye mwenyewe.