Micans au melanochrysum? Namna tunavyotambua filodendroni kitaluni kwetu

Wateja wanaotuletea filodendroni, mimea ya mapambo ya ndani, za kutambua hapa Dar es Salaam wengi wana shaka ileile. Mtu kanunua mtandaoni mche wenye majani ya mahameli, kaambiwa ni Philodendron melanochrysum, kalipa pesa nyingi, na wiki chache baadaye rafiki yake anamwambia, "Mbona hiyo ni micans?" Basi anakuja na chungu mkononi akitaka jibu palepale.

Mara nyingine jibu la palepale lipo. Mara nyingine inabidi tungoje jani lijalo, na tunaomba mteja asilichukulie hilo kama uzembe. Miche michanga ya aina hizi mbili inafanana mno: yote ina majani ya umbo la moyo, yote ina mahameli, na jani jipya kwenye yote huweza kutoka na rangi ya shaba. Visivyofanana ni bei na maisha ya mbele. Micans hukua upesi na kukubali vipandikizi kirahisi, hata ndani ya glasi ya maji. Wanabotania siku hizi wanaihesabu ndani ya Philodendron hederaceum, spishi iliyoenea sehemu kubwa ya Amerika ya tropiki. Melanochrysum inatoka Kolombia, kwenye misitu yenye mvua nyingi ya Chocó na Antioquia chini ya milima ya Andes, na ikipanda vizuri juu ya mti au nguzo majani yake huning'inia kwa urefu wa sentimita 60 au zaidi, kijani kinachokaribia weusi, mishipa ikionekana myeupe.

Mmea huu uliwahi kuwachanganya hata mabingwa. Mwaka 1873 Jean Linden, aliyekuwa na biashara kubwa ya mimea Ubelgiji, na Mfaransa Édouard André, mtaalamu wa bustani na mimea, waliipa jina melanochrysum wakiwa na mmea ambao ulikuwa bado mchanga. Mwaka 1886 mmea uliokomaa ukaelezwa kama spishi nyingine kabisa, Philodendron andreanum, kwa heshima ya André huyohuyo. Baadaye ikajulikana kuwa ni mmea uleule, utotoni na ukubwani. Katika kanuni za majina ya mimea, jina lililotangulia kuchapishwa ndilo linaloshika, kwa hiyo melanochrysum likabaki. Wapo wauzaji ambao hadi leo wanaandika andreanum kwenye vibandiko vyao na kutoza bei tofauti. Tafadhali usilipie jina hilo kana kwamba ni mmea wa pili. Wala usilichanganye na Anthurium andraeanum, lile ua jekundu linalong'aa la kwenye kumbi za harusi, ambalo nalo lilipewa jina la bwana huyo.

Tukipokea mche, umbo la jani tunalitazama mwisho. Kwanza tunageuza jani lililokwisha kukomaa, si jipya, maana majani mapya ya aina zote mbili huwa na wekundu unaodanganya. Upande wa chini wa micans wekundu hubaki, wa zambarau iliyofifia, hata jani likizeeka. Wa melanochrysum hutulia na kuwa kijani. Halafu tunashika shina: la micans ni jembamba, linapinda kama uzi mnene, na vifundo vyake vimeachana, la melanochrysum ni nene zaidi hata mche ukiwa na majani machache. Kisha tunalinganisha jani la chini kabisa na la juu kabisa. Kwenye melanochrysum iliyopata nguzo ya kupanda juu, kila jani humzidi mwenzake aliyemtangulia na kuanza kurefuka, na mishipa hukolea weupe. Mche usiopewa nguzo hauonyeshi mabadiliko hayo. Ndiyo maana mara nyingi tunamshauri mteja aufunge kwenye nguzo iliyozungushiwa makumbi yanayolowanishwa kila mara, mbali na upepo wa kiyoyozi, kisha arudi.

Sehemu ngumu zaidi ni machotara. 'Glorious' ni chotara wa melanochrysum na filodendroni nyingine, gloriosum, na 'Splendid' ni wa melanochrysum na nyingine tena, verrucosum, na yote mawili huuzwa kwa jina la mzazi. Hapa kikonyo cha jani kinasaidia sana. Verrucosum ina vikonyo vilivyojaa manyoya, na 'Splendid' hurithi manyoya hayo yakiwa mafupi na machache. Pitisha kidole taratibu mahali mwanga unapopiga kwa ubavu utayaona. Gloriosum shina lake hutambaa juu ya udongo na haipandi. Mmea wenye jani pana la moyo na mishipa myeupe, lakini unaoshika nguzo na kupanda juu, si gloriosum halisi, haidhuru muuzaji ameandika nini.

Uthibitisho wa mwisho kwa filodendroni ni ua lake, na mmea wa sebuleni huweza kukaa miaka bila kuchanua. Kwa hiyo tusipokuwa na ushahidi wa kutosha tunaandika "Philodendron sp.", yaani filodendroni ambayo spishi yake haijatambuliwa, na kuuza kwa bei ya mmea usiojulikana. Wapo wanaotuona tunajipunja. Sisi tunaona ni haki, kwa sababu mteja atakata vipandikizi, atawapa au kuwauzia wenzake, na jina tulilobahatisha litaenda mitaani likiwa limeshakuwa ukweli.

Utambuzi ni bure hata kama mmea hukununua kwetu. Ukiwa ulinunua kwetu na jina likabadilika, tunakubadilishia mmea au tunakurudishia tofauti ya bei. Kama uko mbali, tuma picha za mmea mzima, jani lililokomaa juu na chini, kikonyo kwa karibu, kifundo cha shina chenye mizizi ya hewani, na jani jipya kabisa, na weka rula kando ya jani kubwa. Piga mchana karibu na dirisha na uzime taa ya simu. Mahameli ikimulikwa inang'aa, na rangi ya chini ya jani haisomeki tena.