Samoa haikuokolewa na umbali

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu visiwa vya Pasifiki wakati wa korona nimeisoma yote, na kwa sehemu kubwa imenifurahisha. Ila pale mlipoandika kwamba Samoa ilisalimika kwa sababu iko mbali na dunia, naomba mtoe sahihisho. Nimekuwa muuguzi, miaka mingi kwenye chumba cha chanjo za watoto, kwa hiyo mtanivumilia nikilishikilia jambo hili.

Umbali ungekuwa kinga, mwaka 1918 usingekuwa vile. Tarehe 7 Novemba mwaka huo meli ya Talune ilitia nanga Apia, mji mkuu wa Samoa, ikitokea Auckland, New Zealand, ndani yake mna wagonjwa wa homa ya mafua, na abiria wakaruhusiwa kushuka. Samoa ya Magharibi, ndiyo Samoa ya leo, ilikuwa mikononi mwa New Zealand, chini ya Kanali Robert Logan. Katika muda mfupi ikazika watu wapatao 8,500, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano. Ng'ambo ya pili, Samoa ya Marekani, Gavana John Poyer alizuia meli na wenyeji wakalinda pwani zao. Hakufa mtu kwa mafua yale. Bahari ni ile ile, watu ni ndugu, na kutoka Apia hadi Pago Pago, bandari ya Samoa ya Marekani, hakufiki kilomita 150. Ilichukua hadi mwaka 2002 ndipo New Zealand ikaomba radhi, kupitia Waziri Mkuu Helen Clark.

Lakini kwa maoni yangu kilichowafanya Wasamoa wawahi kufunga mipaka 2020 si mafua ya mababu, ni surua, ambayo makala yenu haikuigusa kabisa.

Julai 2018 huko Samoa watoto wachanga wawili walifariki muda mfupi tu baada ya kuchomwa chanjo. Chanjo ya surua huja ikiwa unga, hutiwa maji yake maalumu ndipo ivutwe kwenye sindano. Safari ile, badala ya maji, ilichanganywa na dawa ya kulegeza misuli, ile ya chumba cha upasuaji. (Vichupa hivi hufanana mno. Ndiyo maana lebo husomwa kabla ya kufungua, kisha ikasomwa tena.) Chanjo yenyewe haikuwa na kosa, lakini nani angemweleza mama hilo likamwingia? Serikali ikaisimamisha kwa miezi kadhaa, wazazi wakaingiwa na hofu, na surua ilipotua 2019 ikakuta watoto hawana kinga. Iliua watu 83, wengi wao wa chini ya miaka mitano, katika nchi yenye watu kama laki mbili.

Tarehe 5 na 6 Desemba 2019 shughuli za serikali zilisimama na watu wakaambiwa wabaki nyumbani. Nyumba yenye mtu ambaye hajachanjwa ilitakiwa kutundika kitambaa chekundu nje ili wachanjaji wasiipite. Mimi niliyezoea kusubiri mama aje kliniki na kadi yake, naliona hilo ni jambo kubwa: muuguzi ndiye anayebisha hodi.

Sasa pigeni hesabu. Hali ya dharura ya surua iliondolewa mwishoni mwa Desemba. Machi 20, 2020 ikatangazwa ya korona na mipaka ikafungwa, hata mgonjwa mmoja aliyethibitishwa hayupo. Kirusi kilionekana mara ya kwanza Novemba, kwa baharia aliyerudi nyumbani, naye yuko karantini tayari. Mwaka 2021 wakarudia mtindo ule ule wa siku mbili ndani, vitambaa vyekundu, chanjo mlangoni. Korona ilipoenea mitaani Machi 2022, watu wazima wengi walikuwa wameshachanjwa. Waliofariki walikuwa kama 30.

Gharama nayo ilikuwepo, ila mmeipitia juu juu. Utalii ulianguka, na mipaka haikufunguliwa kikamilifu hadi Agosti 2022. Mabaharia wa Samoa na vibarua waliokwenda kuvuna matunda New Zealand na Australia walikaa miezi wakisubiri nafasi kwenye ndege chache za kurudisha raia, huku wake na watoto wao wakiwa upande wa ndani wa mpaka. Hao ndio ningependa mwandishi wenu awatafute kwa makala ijayo.

Muuguzi mstaafu