Umri usiwe kizuizi kazini

Ndugu Mhariri,

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya umri. Hata hivyo, katika ofisi niliyoitumikia, wenzetu waliozidi miaka 50 hawakupelekwa kwenye mafunzo ya mfumo mpya wa kompyuta, kisha wakalaumiwa kwa kutoujua, jambo lililoniumiza sana. Vijana nao waliambiwa wasubiri wakue kila walipotoa hoja kikaoni.

Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa. Nawaomba maofisa kazi waudai mpango huo wanapokagua, na waitazame pia orodha ya waliopelekwa mafunzoni.

Mfanyakazi mstaafu,
Morogoro