Barua kwa mwanangu: usikae na njaa na nazi zipo

Mwanangu, assalam alaykum, natumai uko salama na masomo yanakwenda vizuri.

Mamako kanambia. Kasema umeacha nyama, na si nyama peke yake, hata samaki, mayai, maziwa, samli na asali hutaki tena, na kwamba ulimwomba asinambie mpaka uje nyumbani kwa sababu waogopa nitakasirika, manake babako ni mpishi wa biriani za harusi na kila wikendi niko na nyama mpaka viwikoni. Sasa nakuandikia mapema ili usikae na hofu hiyo mpaka likizo. Sijakasirika mama. Nyama kwetu ni halali lakini si faradhi, na wewe hujamwambia mtu kuwa ni haramu, umesema tu roho yako haitaki mnyama achinjwe kwa ajili ya sahani yako, na mimi ninayewaona wale mbuzi wakiletwa usiku wa kuamkia shughuli naelewa kabisa wasema nini.

Kilichoniuma ni kingine. Mamako asema chakula chako huko Nairobi siku hizi ni mkate na avokado, tambi za pakiti, na saladi ya kabeji, alafu pesa ya matumizi yaishia kwa maziwa ya alimondi ya boksi na soseji za mboga zilotoka ng'ambo. Juzi ulivyopiga simu ya video nimekuona mashavu yamekwisha. Mtoto wa Majengo hapa Mombasa akonde kwa kukosa chakula eti kwa sababu hali nyama? Hilo silikubali, na ndo sababu ya barua hii.

Kuna jambo naona hukulifikiria. Sisi watu wa Pwani siku za kawaida tunakula chakula kingi sana ambacho hakina mnyama hata chembe, na hakuna anayekihesabu. Nyanyako nyama alipika Ijumaa, Idd na kukiwa na shughuli, siku nyingine ni kunde, pojo, mbaazi, mchicha, mhogo, ndizi, na utamu wote ulitoka kwa nazi, na hakuna aliyetoka pale kwake akalala na njaa. Kwa hivyo huanzi maisha mapya yenye vyakula vigeni vya bei ghali, unarudi tu kwa sufuria za nyanyako.

Anza na mbaazi, na uzipike kama zinavyotakiwa kupikwa, si kuchemsha tu ukala kama dawa. Za kavu ziloweke usiku, asubuhi mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya mpaka ukibonyeza moja kwa vidole ivurugike bila kubaki kiini. Nazi chuja mara mbili, tui la kwanza lile zito weka kando, la pili jepesi ndo la kupikia. Tia vitunguu vilokatwa vyembamba, pilipili mbichi nzima usizipasue, manjano kidogo na chumvi, mimina tui jepesi uache itokote mpaka kitunguu kilainike kipotelee humo ndani. Mwisho kabisa punguza moto, tia tui zito, na hapo usiende popote, usishike simu, koroga polepole, ukiona vipovu vyaanza pembeni mwa sufuria epua. Ukiliacha lichemke kwa nguvu tui litakatika, utaona mafuta yameelea juu na chini ni maji maji, na ladha yake haiwi tena ile. Watu wengi wanaokwambia mbaazi hazina ladha wamekula zilokatika tui, wallahi.

Nazi huko Nairobi zapatikana sokoni, na siku huna mda chukua tui la pakiti. Lakini ule unga wa nazi soma nyuma ya pakiti kwanza, manake baadhi yake umetiwa kaseinati, na hiyo ni protini ya maziwa, mtu anunua akidhani ni nazi tupu. Mahamri nayo uulize. Ya mamako ni unga, sukari, hamira, hiliki na tui, basi, hayo kula uwezavyo, ila siku hizi kuna wauzaji watia maziwa ya unga au yai ili yawe laini. Chapati wengi wapaka samli. Halua yetu pia ina samli, kwa hivyo hiyo isahau mpaka nimpate wa kukupikia kwa mafuta, na nishaanza kuuliza.

Vya barabarani ndo usiseme. Viazi karai, ni kiazi na unga na rangi, chovya kwa ukwaju. Bhajia za dengu, bhajia za kunde. Mhogo wa kuchoma ulopasuliwa katikati ukatiwa pilipili na ndimu, na zile kachri za mhogo pale Lighthouse, ambapo wewe ukiwa mdogo ulikuwa hutaki kuondoka mpaka ununuliwe na dafu juu yake. Hivyo vyote ni vyako. Cha kuuliza ni mafuta tu, kuna anayekaanga viazi na samaki kwa karai moja, muulize kwa heshima, hatakasirika.

Na usidhani uko peke yako katika mji huu. Mabaniani wa hapa wameishi miaka na miaka bila kula nyama, si wageni na si wagonjwa, na ile chevra na kachri unazozipenda zimetoka jikoni kwao. Wale wa hekalu la Jain pale Langoni, dini ya Kihindi isiyotaka kiumbe kiuliwe, wengi wao hawali hata viazi na vitunguu, kwa sababu ukiking'oa kitu cha ardhini unaua mmea mzima na vijidudu vilivyo humo mchangani. Sasa wewe una viazi, una vitunguu, una mhogo, wewe ni tajiri. Ila peremende zao uangalie, wao maziwa na samli wanatumia.

Mboga za majani sikuelezi sana wazijua, mchicha wa nazi, kisamvu, mnavu, ila kuna moja nataka uirudie nayo ni mchunga, ule wamama wa Kigiriama wanauleta Kongowea umefungwa mafungu. Ni mchungu, ndio, lakini uchemshe, mwaga maji, uunge na nazi na tungule, ule na sima, na uchungu ule unageuka unakuwa ndio hamu yenyewe. Mimi naupenda kuliko nyama na nasema hivo nikiwa mpishi wa nyama.

Sasa nikufikishe kwa kazi yangu. Wajua tangu nimeskia habari yako nimekuwa nikifikiria biriani, manake pilau ni rahisi, pilau rangi yake na harufu yake vyatoka kwa kitunguu kilokaangwa mpaka kikawa hudhurungi ya kweli, thomu, tangawizi, bizari ya pilau, hiliki, karafuu na mdalasini, ukitia viazi na njegere badala ya nyama mtu atakula na ataramba vidole. Biriani ndo kazi. Masala ya biriani yataka mtindi wa kuyaleta pamoja na kutia uchachu, na wali wataka samli. Basi nikajaribu hivi. Biringani nikazikata vipande vikubwa, nikatia chumvi, nikaziacha zikatoa maji, nikazikamua, nikazikaanga mpaka nje zikashika rangi na ndani zikawa laini. Viazi nikavikaanga na rangi ya manjano kama kawaida. Vitunguu nikakaanga vingi, vya kuvunjavunja kwa mkono, na yale mafuta ya vitunguu sikuyamwaga, hayo ndo niliyamwagia juu ya wali na zafarani badala ya samli, na harufu ilovuma mpaka jirani akaja kuuliza kuna shughuli gani. Mahali pa mtindi nikatia tui zito na ukwaju kidogo. Tungule, pilipili, dania, nanaa, kila kitu kama kawaida, nikakipa moto mdogo wa chini na makaa juu ya kifuniko. Mamako kala sahani mbili. Kitu kilichokosekana ni ule uzito wa supu ya mifupa, nao nimeupata karibu wote kwa kukaanga tungule ya kopo mpaka ikaiva ikatoa mafuta na kuongeza dengu kidogo zilochemka zikavurugika. Ukija utaila, na uniambie ukweli si wa kunifurahisha.

Hili la afya nalo nisikize vizuri mama, manake hapa sitaki ubishi. Kuna vitamini B12 ambayo chakula cha mimea hakina cha kutegemewa, si mchicha, si mbaazi, si chochote. Mtu mzima ahitaji kama maikrogramu 2.4 kwa siku, kiasi kidogo sana, lakini ukikikosa damu inapungua na mishipa ya fahamu inaharibika, miguu inaingia ganzi. Ubaya wake ni kwamba maini yanaweka akiba ya miaka, kwa hivyo unaweza kujiona mzima kabisa mda mrefu huku akiba inaisha, alafu ndo shida inatokea. Nenda duka la dawa ununue vidonge vya B12, au muulize daktari kipimo kinachokufaa, na hiyo pesa ya maziwa ya boksi uitoe huko kwanza. Nitakuuliza kila mwezi kama nilivyokuwa nakuuliza juzuu.

Na damu. Madini ya chuma yamo kwa dengu, kunde, maharagwe na mboga za majani, ila mwili hauyachukui kwa wepesi kama ya nyama, na dawa yake iko mezani kwetu siku zote, ndimu. Kamulia ndimu kwa kunde, kula kachumbari, maliza na chungwa au embe, vitamini C inayasaidia madini yaingie. Chai ndo adui hapo, usiinywe pamoja na chakula, subiri saa nzima hivi baada ya kula, najua wewe na chai lakini subiri. Uji wa wimbi usiuache, wimbi na ufuta vina kalsiamu ya mifupa. Chumvi tumia ile ya madini joto maana samaki umemwacha. Na njugu na korosho weka mkobani, ukiwa klasi ukahisi njaa utafune.

Shangazi zako watasema. Nishawaskia washaanza, eti mtoto kaenda Nairobi kashika mambo ya wazungu. Nilimuuliza ustadhi mmoja tulokaa naye kwa harusi, akanambia kuna mshairi wa Kiarabu wa Shaam, Abul Ala al-Maarri, kipofu, alizaliwa mwaka 973 akafariki 1057, na miaka mingi ya maisha yake alikuwa hali nyama wala samaki wala mayai, hanywi maziwa na hata asali hagusi, akisema ni kuwadhulumu wanyama. Maulamaa walimpinga kwa mengi, ustadhi hakunificha hilo, lakini kwamba jambo hili limetoka Ulaya jana si kweli. Hao wazungu wenyewe walianzisha ile Vegan Society yao, chama cha wasiokula chochote cha mnyama, Uingereza mwaka 1944, Donald Watson na wenzake, na nimesoma huyo Watson aliishi mpaka 2005 akafa na miaka 95. Nilipoona hapo moyo wangu ulitulia, sikufichi.

Wewe usibishane nao. Mtu akikukaribisha mwambie shukran, nakula wali na maharagwe, basi, usianze kumweleza juu ya kuchinja na yeye ana kipande mdomoni. Sahani ya mtu ni heshima yake, na utakapowapikia mbaazi zikawa tamu watauliza wenyewe.

Idd kubwa udhiya utachinjwa kama miaka yote na wenye haki yao watagawiwa, hilo siwezi kulibadilisha na najua huniombi. Ila hutalazimika kukaa uani kuangalia, utakuwa jikoni. Nimenunua sufuria mpya na mwiko mpya na kisu, nimevitundika upande wa dirisha, hakuna atakayetia nyama humo, nimemwambia kila mtu nyumbani mpaka yule kakako mdogo anayechukua kila kitu.

Mzigo nimeutia kwa basi la usiku. Kuna mbaazi, pojo, nazi, ukwaju, bizari nimesaga mwenyewe, achari ya maembe ya mamako, mabuyu, na mbuzi ndogo ya kukunia ya nyanyako, hiyo uitunze, blenda haitoi tui kama hilo. Maembe yako juu kabisa, yameanza kuiva, kwa hivyo usiuache mzigo stesheni ukalala. Namba ya risiti mamako atakutumia kwa simu, ukishaupata nipigie, na uninunulie hivyo vidonge nilivyosema leo leo unitumie picha nivione.

Babako